Kuku kalalia mayai 13 katoa vifaranga 3, shida iko wapi?

Kabla hujamlaumu kuku, wala kumfikiria jirani mwenye kijicho, nakuomba kitu kimoja: yale mayai yaliyogoma usiyatupe. Wengi wetu siku ya 22 tunayabeba huku tumeziba pua tunaenda kuyarusha jalalani, msimu unaofuata tunalalisha tena na tunapata 3 tena. Mi nilifanya hivo misimu miwili mfululizo hapa Kibaha. Wa tatu ndo mzee mmoja muuza kuku akaniambia we nenda kayapasue, yai lenyewe litakuambia limefia wapi.

Nikatoka nayo yote 10, jioni, hadi pale kwenye bomba, nikakaa upande upepo unakotokea, kila yai nalifunga kitambaa kwanza (yai viza linaweza kukulipukia usoni, sio utani) afu nagonga taratibu upande ule butu. 6 yalikua hayana kitu, ute na kiini tu, kiini kimelegea. 2 meusi, harufu usiniulize. 2 yana kifaranga aliyekamilika, manyoya yote, kucha zote, kafia humohumo. Yani shida tatu tofauti ndani ya kiota kimoja, na mimi muda wote nilikua namtukana kuku wa watu.

Kwaiyo twende kwa namna hiyo, ukiona hiki angalia kule.

Ndani hamna kitu, kama yai la kukaanga

Hili ndo linaongoza na kuku hahusiki hata kidogo. Angalia jogoo kwanza. Jogoo 1 kwa mitetea 10 hivi anatosha, ukimpa 20 kuna wengine hawafikii. Jogoo mzee, jogoo mwenye miguu mibovu, au jogoo aina ya kuchi, kubwa kama mbuzi, afu mitetea yako ni midogo, anapanda anateleza. Na majogoo wawili wanaolingana ubabe kwenye banda dogo wanashinda wanapigana, huyu akipanda yule anamshusha. Ukibadilisha jogoo subiri wiki 2 hadi 3 ndo uanze kukusanya mayai ya kulalisha, mana mbegu za yule wa zamani zinakaa ndani ya mtetea wiki 2 hadi 3 na mpya anahitaji muda wa kuwazungukia wote.

Afu kuna wale wa mayai ya dukani. Ndugu yangu, yale ya trei mengi ni ya kuku wa mayai ambao hawajawahi kuona jogoo maisha yao yote, utalalisha hata mwezi.

Lakini yai linaweza kuwa na mbegu na bado likaonekana jeupe hivohivo, na hapa ndo nlipokua napotea mimi. Nlikua natunza mayai juu ya kabati jikoni, bati liko hapo juu, mchana joto la kwetu unalijua. Yai likikaa kwenye joto la namna ile linaanza kujijenga kidogokidogo bila kuku, afu linakufa kabla hata halijalaliwa. Weka sehemu yenye ubaridi, chini kwenye kona ya chumba, ndani ya trei, ncha ikiangalia chini na upande butu juu. Friji usitumie, ile baridi imezidi. Siku 7 ndo nzuri, 10 naona mwisho. Andika tarehe kwa penseli, sio makapeni. Na usiyaoshe, yai lina utando wake juu unaozuia vijidudu kuingia, ukiosha umeufungulia mlango, lenye mavi kaanga ule.

Utaniuliza mbona kuku akitagia kichakani wiki mbili nzima anarudi na vifaranga 11? Kichakani kuna kivuli na udongo wa baridi, sio bati lako. Na hujui alitaga mangapi.

Kuna duara la damu

Hii huioni kwa kupasua sana, unaiona kwa tochi. Siku ya 7 usiku, zima taa, chukua simu washa tochi, zungushia kidole gumba na cha shahada kama pete ili mwanga usivuje, weka yai juu upande ule butu. Yai lenye kifaranga hai lina kidoa cheusi na mishipa imetawanyika kama mizizi ya mchicha. Yai lisilo na mbegu linawaka lote kama balbu. Na lile lililokufa mapema lina pete nyekundu imezunguka, haina mizizi.

Pete ikiwa kwenye yai moja au mawili ni kawaida tu. Ikiwa kwenye matano kuna usiku kuku alitoka akaacha mayai yakapoa, au mayai yalitikiswa sana. Mayai ya kununua mbali yakija kwa bodaboda usiyaweke chini ya kuku siku hiyohiyo, yaache yametulia saa 24, upande butu juu. Haya ya pete na yale meupe yatoe siku hiyohiyo, ukiyaacha yanaoza na moja likipasuka linapaka uchafu mengine yote, ndo chanzo cha yale mawili yangu meusi.

Kuku anaacha mayai, anasimamasimama

Kuku anayelalia anatoka mara moja kwa siku, dakika 15 au 20, anakula, anakunywa, anakunya lile furushi moja kubwa lenye harufu kali, anajitupa mchangani kidogo anarudi. Hiyo sawa. Sio sawa ukimkuta amesimama juu ya mayai, au usiku yuko juu ya fito na wenzake.

Kabla hujasema kuku huyu hana akili, nenda saa 3 usiku na tochi. Ingiza mkono chini yake, kaa kama dakika moja. Mi nlipofanya hivo kwa koo langu (kuku mama) la kijivu niliona mkono unawasha, kumulika, vidoa vyekundu vinapanda kuelekea kwenye kiwiko. Utitiri. Mchana huwaoni kwasababu wanajificha kwenye nyufa za mbao na chini ya nyasi, usiku ndo wanatoka kunyonya damu, na kuku hawezi kukimbia mana kajifunga na mayai. Kuna kuku wanavumilia hadi upanga wao unakua mweupe na wanafia palepale kwenye kiota, mwenye kuku anasema kaugua ghafla.

Dawa: toa nyasi zote choma moto, kiota mwagia maji ya moto kwenye nyufa, kikauke, weka nyasi mpya. Kuku mwenyewe mpake dawa ya unga ya duka la mifugo, chini ya mbawa na kule nyuma, fuata maelezo ya pakiti. Zuri zaidi ufanye hivi kabla hajaanza kulalia, siku 2 au 3 kabla, sio siku ya 15 unaanza kumsumbua. Majivu makavu ya kuogea weka muda wote, yanasaidia ila kama wameshajaa usiyategemee pekeyake. Na mpulize pale karibu na njia ya yai uangalie chawa, na machoni kama kuna viroboto vimeganda vyeusi kama ufuta.

Sababu nyingine ni njaa na kiu. Chakula kikiwa mbali au wenzake wanampokonya, ataenda atachelewa. Mwekee karibu lakini sio puani, hatua tatu nne, asije akanya kiotani. Mahindi makavu au mtama mzima ni bora kuliko pumba kipindi hiki, mavi yanakua magumu na anakaa na shibe. Siafu nao, wakipita usiku hakuna mjadala, zungushia majivu mapana.

Mayai yameongezeka

Uliweka 11 sasa unahesabu 15. Wenzake wanamtagia! Mtetea akitoka kwenda kula mwingine anaingia anataga, au hata wanabanana hukohuko ndani yai linavunjika. Matokeo yake una mayai ya siku ya 14 na ya siku ya 3 pamoja, ya kwanza yakitotolewa mama anaondoka na watoto, yaliyobaki yanafia njiani. Ukipasua unakuta vifaranga wa saizi zote, mmoja kama maharage mwingine ana manyoya, hapo jibu umepata.

Chora mstari wa penseli kuzunguka kila yai, mzunguko mzima, ili hata likigeuka uuone. Kila jioni pita, lisilo na mstari toa. Au bora umtenge, kona na wavu au tenga kubwa amefunikiwa, unamfungulia mara moja kwa siku. Ukimfungulia usiende kuangalia mpira ukasahau, nishawahi kuta yuko kwenye kiota cha mwenzake, amekaa kwa raha zote juu ya mayai mawili, na yake 12 ya baridi kama chupa za soda.

Kifaranga kamili, kafia ndani

Hapa ndo roho inauma. Kama ni mmoja au wawili kubali, wengine wamekaa vibaya ndani, kichwa kiko upande wa ncha ambako hakuna mfuko wa hewa. Wakiwa wengi angalia idadi. Kuku wa kawaida wa kienyeji anafunika 10 hadi 13, mdogo 8. Ukimwekea 17 kila siku kuna mayai manne yako nje ya tumbo, na kwakua anayageuza na kuyazungusha basi baridi inapita kwa yote kwa zamu.

Hesabu ya siku pia inawachanganya watu. Ukimwekea mayai Jumatatu jioni, siku ya 1 inatimia Jumanne jioni, na siku ya 21 ni Jumatatu ya wiki ya tatu. Sio tangu alivyoanza kutaga, sio tangu ulivyomuona amekaa. Kuna mtu alitupa mayai mazima kabisa siku ya 19 akidhani ni ya 22, alisikia milio kwenye ndoo ya taka.

Kuanzia siku ya 18 mwache. Usimnyanyue kila saa, usichungulie na watoto. Kifaranga akishatoboa tundu anaweza kukaa saa 12 hadi 24 hajatoka, amelala, anamalizia kunyonya kiini na damu ya kwenye utando inarudi mwilini. Ukimbandua unamtoa na mishipa bado ina damu, kitovu wazi, kesho amekufa afu unasema alikua dhaifu. Kiangazi kikali na kiota kikavu sana, nyunyizia maji kidogo ardhini pembeni ya kiota, usinyunyizie mayai.

Shida nyingine ni mama kuondoka na wa kwanza. Kifaranga aliyetoka ana akiba ya kiini tumboni, anakaa hadi siku 2 bila kula hafi. Kwaiyo usiwe na haraka ya kuweka chakula pale, mama akiona watoto wanahangaika na chakula kiko mbele atawafuata. Kama kaondoka na mayai bado yanalia, yaweke chini ya kuku mwingine anayelalia hata kama mayai yake ni ya siku ya 10, vifaranga wakishatoka usiku huo unamrudishia mama yao.

Mama mkwe wangu yeye anasema ni radi, lazima uweke mkaa kiotani. Sibishani nae, naweka mkaa. Ila nimegundua siku za radi ni siku za mvua, na banda langu la mwanzo lilikua linavuja pale pale penye kiota.

Sasa kuku mwenyewe

Wengi tunachukua yeyote aliyekaa. Kukaa sio kulalia. Kuku wa mayai wa kisasa, na wale chotara wanaouzwa sana siku hizi, kuroiler, sasso, hamu ya kulalia imepunguzwa kwenye damu yao, anakaa siku 4 anakumbuka mambo mengine. Tafuta kienyeji halisi.

Mimi nawapima hivi. Namuwekea mayai 3 ya kudanganyishia, namwacha usiku 3. Akiwa anatoka usiku, hapana. Usiku wa tatu namuingizia mkono: ninayemtaka anajitunisha manyoya, anatanua mkia, anatoa ile sauti nzito ya kwo kwo kwo, anaweza kunidonoa lakini hanyanyuki. Tumbo chini limenyonyoka manyoya, linachoma kama chupa ya chai. Anayeruka hadi darini akiguswa simpi, siku ya 20 atawakanyaga. Na anayekaa kimya kama jiwe, manyoya yamelegea, macho amefumba, huyo sio mpole, huyo anaumwa, mwangalie vizuri.

Uzito nao. Kuku wa kilo 3 na miguu mirefu anavunja mayai na kuponda vifaranga. Mzuri ni wa wastani, mfupi, manyoya mengi, kama wale wa miguu mifupi wanaoitwa ching'wekwe, au hata kishingo (asiye na manyoya shingoni) mradi asiwe mkubwa. Mtetea wa kwanza kabisa mpe 7 au 8 umuone. Anayekula mayai yake muondoe leo, ila chunguza kama yalipasuka yenyewe sababu gamba ni laini, hapo anadai chokaa, saga maganda ya konokono au ya mayai yaliyochomwa uwape wote.

Kuna sifa nyingine huioni kwenye kiota, unaiona baadae: mama anavyotembea. Nina mmoja anatotoa 11 kwa 12 kila mara, afu saa 12 asubuhi anawapeleka kwenye majani yenye umande, anatembea kama anawahi daladala. Jioni wanarudi 8. Mwingine anatoa 8 na wiki ya 6 bado ana 8. Nani bora? Ndo mana nina daftari, jina la kuku, mayai, waliotoka, waliofika mwezi. Yule mwendokasi sasa analalia tu, watoto nampa mwenzake.

Na hiyo inafanyika kirahisi. Lalisha wawili au watatu siku moja, aliyetangulia kukaa mshikilie na mayai ya uongo hadi wengine wafike. Wakitotoa, vifaranga wote wape mmoja, usiku, gizani, ukiwasukumia chini ya mbawa mmojammoja, wawe wa siku 1 au 2, asubuhi atawakuta anadhani wake. Mchana usijaribu, anawaua. Vifaranga wa mashine ya kutotoleshea hivohivo, ila kuku awe amekaa kiotani angalau wiki 2, asiwe ameanza jana. Hadi 15 au 18 kipindi cha joto anawafunika, masika punguza.

Mashine sitaongea sana. Yenye feni weka joto nyuzi 37.5 hadi 37.8 za Celsius, unyevu asilimia 50 hadi 55, siku 3 za mwisho asilimia 65 hadi 70 na kugeuza unaacha. Kipima joto chake usikiamini, linganisha na kile cha homa. Umeme ukikatika funika blanketi usifungue, kupoa saa chache wanavumilia, kuzidi joto hawavumilii. Vifaranga wakitoka siku ya 19 na vitovu vibichi joto lilizidi, wakitoka siku ya 23 wana matumbo makubwa laini, lilipungua.

Wametoka vizuri, wanakufa wiki ya kwanza

Angalia chombo cha maji, ni kirefu kwenda chini? Weka kokoto. Angalia nyuma, mavi yameganda yameziba? Loanisha kwa maji ya vuguvugu ufute, usivute. Miguu imetanuka pembeni kama anachuchumaa? Sakafu inateleza, toa gazeti weka maranda, funga miguu kwa uzi laini wa sufi siku 2 au 3. Mama akae nao kwenye tenga hadi umande ukauke, saa 3 au 4, wiki 2 za mwanzo, hapo mwewe na baridi umewakata kwa pamoja. Wakihara damu kuanzia wiki ya 3 nenda duka la mifugo haraka, banda liwe kavu. Na kideri (ugonjwa wa Newcastle) usisubiri kikufundishe, chanjo ya I-2 tone moja jichoni, unarudia kila miezi 3, mama yao awe ameshapata kabla hata hajalalia.

Kuna mtu aliniuliza juzi kuhusu bata. Ndio, bata wa kawaida wa kwetu (Muscovy) jike analalia mayai ya kuku vizuri sana na anafunika hadi 20, ila usichanganye na yake, ya kuku ni siku 21 ya kwake ni 35, na vifaranga wakitoka wahamishie kwa kuku siku hiyohiyo, mana bata kitu cha kwanza atakachofanya ni kuwapeleka dimbwini.